Vidole Vyetu Kwenye Kopo la Ugoro

Jamani, hili niliapa nisimsimulie mtu, lakini kwa kuwa Ndandalo yetu nzima inalijua na hata kule Ikolo limeshafika, bora mlisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Mimi ni nesi, mtu wa Dodoma, nimeolewa huku Kyela, na ugoro nilizoeshwa na bibi tangu msichana (msinicheke). Nilikuwa nimeuacha miezi kadhaa, najiona shujaa, basi mama mkwe aliponiomba niwaelimishe kina mama wenzake kuhusu kuacha ugoro pale uani kwake nikakubali mbiombio, maana tangu niolewe nilitafuta nafasi ya kumwonyesha kwamba mwanawe hakuokota mke. Sharti la ukoo wao ni moja, mkaza mwana hakutani na baba mkwe, hamtazami, hamgusi, ukisikia anakohoa unakata kona. Siku hizi wengi hawajali, ila mzee wetu bado ni wa zamani.

Somo likanoga. "Ubongo una kumbukumbu yake," nikawaambia, "ukinusa tu kile ulichozoea unawaka wenyewe, miguu inatangulia kabla wewe hujaamua!" Wakaitikia, "Ndaga fijo, daktari!" na mimi sikuwasahihisha, nikapokea hizo shukrani na udaktari wake.

Hapo hapo upepo ukaleta harufu ya ugoro kutoka kwenye mikakao nyuma ya nyumba. Mate yakanijaa. Nikasema tupumzike kidogo, nikajidanganya naenda chooni (choo kiko upande mwingine kabisa), nikajikuta mbele ya mkeka uliotundikwa, na pembeni yake kigoda chenye kopo wazi. Nikanusa mara moja. Nikapeleka vidole tena, kumbe kuna vidole vingine vinatokea nyuma ya mkeka, tukakutana ndani ya kopo.

Vilikuwa vya baba mkwe! Maskini, na yeye alitaka kusikia somo, mama mkwe akamtundikia mkeka tusionane.

Ningeondoka kimya labda ingeisha, lakini pua ilikuwa imeshausahau ugoro, ni ubongo tu ambao haukuwa umesahau, nikapiga chafya mkeka ukaanguka. Mzee akapaza sauti, "Mwe, jamani!" akakimbilia migombani, mimi nikajifunika kitenge kichwa kizima nikakimbia bila kuona, nikateleza kwenye kakao iliyoanikwa, nikaangukia katikati ya wanafunzi wangu, kopo mkononi, pua ya kahawia, chafya zinafuatana.

Mama mmoja akauliza kwa upole, "Daktari, hiyo ndiyo miguu inayotangulia?"

Walicheka mpaka wakashikana. Mama mkwe hakucheka, alilichukua lile kopo mkononi mwangu, akalitazama sana, akaingia ndani. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Mama mkwe alikuja kwangu baada ya siku nyingi, nimeshajiandaa kuambiwa nifungashe. Akakaa. "Mwanangu, mzee wangu amekusamehe," akasema. "Atafanyaje, na yeye aliniapia kanisani kwamba ameacha ugoro. Anauliza, ile sehemu ya namna ya kuacha uliifundisha lini? Yeye hakuisikia."

Sikuwa nimeifundisha, mimi mwenyewe nilikuwa siijui vizuri. Sasa kila Jumapili mkeka unatundikwa, mzee kule, mimi huku, tunajifunza kuacha pamoja bila kuonana, na anayepiga chafya anajitaja mwenyewe. Udaktari nimeurudisha, na siku hizi kabla sijafungua mdomo mbele za watu natazama kwanza upepo unatoka wapi.