Kiti cha Dobi

Babu yangu ni dobi, na ole wako useme alikuwa dobi. Umri wake hata yeye haujui sawasawa, ila karibu wote aliowanyooshea suti za harusi wameshatangulia mbele ya haki, naye bado yupo anatania watu. Mimi mjukuu wake ananiita mchumba, na kila asubuhi ananilaumu kwamba nazeeka haraka kuliko yeye.

Anaishi kwa shangazi, binti yake mkubwa, katika chumba cha mbele ambacho zamani kilikuwa duka lake. Meza ya kupigia pasi bado ipo, imetandikwa blanketi lile lile lililobabuka rangi. Kila Jumamosi alikuwa akinyoosha nguo za nyumba nzima, mpaka vitambaa vya kufutia vyombo, na sisi tukienda sokoni utadhani tunakwenda kuapishwa.

Shangazi anampenda baba yake kupita kiasi, na balaa lilianzia hapo. Alimwonea huruma kwa kusimama, akamnunulia kiti chenye mito. Jumamosi ya kwanza kwenye kiti kile, Babu alisinzia pasi ikiwa juu ya sketi. Chumba kilijaa moshi, sketi ikatoboka, na shangazi akapiga pasi marufuku.

Tangu siku hiyo Babu akawa anatunzwa kama yai. Uji aliletewa, miguu alikandwa, redio aliwekewa karibu na sikio. Daktari alimpima akasema presha yake ni ya kijana. Lakini utani ulikauka. Aliacha kunyoa ndevu, chakula akawa anakidonoa tu, na siku moja akaniita kwa jina langu. Nilikwenda jikoni nikalia.

Nilimwambia shangazi kwamba tunamzika mzee akiwa hai. Naye alikuwa ameshaliona hilo, ila aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi akamwita fundi umeme, akamwomba akate waya ndani ya pasi, na Jumamosi akamrudishia Babu pasi yake pamoja na kapu la nguo, huku akitabasamu kama anayempa mtoto mwanasesere.

Babu alilowesha kidole kwa mate, akagusa pasi. Haikuchachatika. Asubuhi nzima alinyunyiza maji, akavuta mapindo, akakunja, akazipanga nguo chini ya godoro lake, kisha akajilaza juu yake akipiga mluzi. Jioni zilitoka zimenyooka kiasi kwamba shangazi alidhani fundi umeme kamdanganya. Akaishika pasi mwenyewe. Ilikuwa baridi.

"Mwanangu," Babu alisema, "pasi mmeizima. Mimi bado."

Shangazi machozi yalimlenga. Akamwambia kwamba anaogopa kumpoteza, na kwamba tangu siku ile ya moshi hana usingizi wa maana. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu taratibu kwamba maisha yake yote alifanya kazi amesimama, na hakuwahi kuunguza hata leso.

"Mkanipa kiti, nikalala. Nani asingelala?"

Kesho yake fundi umeme aliunga waya. Shangazi aliingia chumba cha mbele na blauzi yake ya hariri, ile ambayo sisi wengine haturuhusiwi hata kuigusa, akaiweka mezani. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba atakaa pale pale kumlinda mzee. Babu alikubali. Alikuwa amenyoa ndevu. Akaegemeza nyonga kwenye meza kama alivyozoea, akajaribu pasi kwa kidole chenye mate, ikachachatika, akacheka peke yake. Shangazi alijitupa kwenye kiti chenye mito, macho yote kwenye pasi.

Babu hajafika mkono wa pili, tukasikia mtu anakoroma. Alimaliza blauzi bila haraka, akaitundika, akachomoa waya ukutani, ndipo akanigeukia.

"Umeona, mchumba?" alininong'oneza. "Kosa halikuwa langu. Ni hicho kiti."