Redio Haikuitikia Shikamoo

Saa mbili asubuhi haijagonga, na mikono ya Mwalimu Genoveva imekwisha kuwa myeupe kwa chaki hadi kwenye viwiko. Amesimama katikati ya chumba kirefu cha udongo, pembezoni mwa Temeke, na kila akigeuka anaona migongo. Darasa la kwanza wameelekea ukuta wa mashariki. Darasa la pili wameelekea ukuta wa magharibi, wenye picha ya Malkia. Hawa akishawapa hesabu, anawageukia wale na kuwasomesha. Watoto wamepita tisini. Mwalimu wao ni yeye peke yake.

"Nimezoea," anasema, akijifuta jasho kwa mkono uleule wa chaki na kujipaka poda asiyoitaka. "Ila ikifika jioni, shingo si yangu tena."

Kabla ya kazi hiyo yote kuanza, kuna jambo ambalo haliachwi. Watoto wanasimama, wanamgeukia na kuvuta sauti kwa pamoja: "Shikamoo, Mwalimu!" Naye haitikii. Anangoja. Katika benchi la mbele la darasa la kwanza, msichana mdogo aitwaye Hija bado anapambana na neno. Ana kigugumizi. "Shi... shi..." Chumba kizima kimetulia, na hakuna anayecheka. Neno likishatoka lote ndipo Mwalimu anapotabasamu.

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Leo Ijumaa amesema hivyo kwa mara ya mwisho. Jumatatu anahamia shule ya Kunduchi, huko pwani ya kaskazini.

Genoveva ni mzaliwa wa Bukoba. Ana umri wa miaka ishirini na minane, na alishuka Dar es Salaam kumfuata mumewe, karani wa bandarini. Hakusota kutafuta kazi. Walimu ni adimu, na aliyekwenda kuuliza kama kuna nafasi alirudi nyumbani akiwa na boksi la chaki mkononi.

Hija aliingia shule mwezi wa kwanza mwaka huu wa 1956. Siku ya kwanza alijaribu kuamkia, wenzake wakaangua kicheko, na hakufungua tena kinywa mpaka Pasaka ikapita. Wapo waliomshauri mama yake amrudishe nyumbani akajifunze kupika.

"Watu huniuliza nilimfanyia dawa gani," anasema Mwalimu. "Sikumfanyia kitu. Nilimsubiri tu. Siku niliyoanza kumngoja, tulisubiri mpaka wengine miguu ikawauma. Wenzake waliponiona nangoja, nao wakajifunza kungoja."

Kisha mwezi wa sita likaja gari na sanduku.

Lilikuwa redio, pamoja na betri nzito iliyobebwa na watu wawili na waya mrefu uliofungwa juu ya paa. Watoto hawakuchelewa kulipa jina: Mwalimu Sanduku. Aliyelileta ni Bwana Adelard, mkaguzi wa shule, mtu mpole mwenye haraka nyingi. Alimweleza Genoveva mpango wenyewe bila kuzunguka. Kila asubuhi sauti kutoka mjini ingefundisha, na mwalimu mkuu, mwenye madarasa yake makubwa, angepita baadaye kukagua vibao vyao vya kuandikia. Redio ikifaulu, Genoveva atapelekwa Kunduchi, ambako watoto wana chumba na mabenchi lakini tangu mwaka uanze hawajaona mwalimu.

"Walimu hawatoshi, wala kesho hawatatosha," Bwana Adelard anamwambia mwandishi. "Shule za wajukuu zetu ndivyo zitakavyokuwa. Mwalimu mmoja yuko mjini, watoto wako nchi nzima."

Siku ya majaribio Genoveva aliombwa akae nje, ili ionekane kama sanduku linaweza kulishika darasa lenyewe. Akajibanza dirishani.

"Hamjambo, watoto?" redio ikasema, kwa sauti tamu ya kiume.

Watoto wakasimama wima kama walivyofunzwa. "Hatujambo! Shikamoo, Mwalimu!"

Redio haikuitikia. Ilianza hesabu za ng'ombe papo hapo. Hija alipolimaliza neno lake, ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha kuuzwa mnadani. Watoto wakabaki wamesimama. Bwana Adelard akawaashiria wakae. Wachache wakachuchumaa, wakatazamana, wakaona haya, wakasimama tena. Somo lote likapita hivyo, vibao vikiwa juu ya mabenchi bila alama hata moja, mpaka redio ikaaga na kuanza kupiga muziki.

Mkaguzi alitoka nje amekunja uso. "Watoto wako ni wakaidi, Mwalimu. Au basi chombo hiki hakifai. Nitaandika kwamba hakifai."

Genoveva angenyamaza tu, yangekwisha. Sanduku lingerudi garini, naye angebaki na watoto wake.

"Nilitaka kunyamaza," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Sitakuficha, nilitaka sana. Nilimwona Hija ndani, kupitia lile dirisha, nikasema huyu nimwache na nani? Halafu nikawafikiria wale wa Kunduchi. Na kwao hakosi kuwapo Hija. Huyo nani anamngoja?"

Sababu ya ule ukaidi aliijua tangu dakika ya kwanza. Kwao Bukoba mtoto hupiga magoti kumsalimu mkubwa, wala hainuki kabla ya kuitikiwa. Magoti yake mwenyewe yanakumbuka.

"Si wakaidi, Bwana," akasema. "Wameamkia, hawajaitikiwa. Wakae vipi?"

Bwana Adelard akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Sasa redio itaitikia vipi?"

Jibu lilitoka mlangoni, kwa Bibi Mwanakombo, mwuza vitumbua, ambaye masikio yake hunasa mbali kuliko waya wa redio. Hakuacha hata kugeuza kitumbua chake.

"Kuitikia nako kunataka cheti? Nitawaitikia mie."

Ndivyo shule hii inavyokwenda sasa. Saa tatu leo Genoveva anatoka nje kama kawaida, na Bibi Mwanakombo anaingia na kanga zake mbili, anaketi kwenye kigoda kando ya sanduku. Redio inauliza hali. Watoto wanaamkia. Bibi anangoja, kichwa amekiinamisha upande wa Hija.

"Marahaba, wajukuu zangu. Haya, kaeni msome."

Redio, kwa upande wake, haimngoji mtu. Ng'ombe wa kwanza hupotea kila asubuhi, na hakuna anayemlilia.

"Mie sijui alifu wala be," Bibi Mwanakombo anasema baada ya somo. "Hesabu zake hizo namwachia mwenyewe. Lakini mtoto akikuamkia ukamnyamazia, umemwambia hayupo. Mwanzoni nilikuwa naitikia mbiombio, huyu Hija namkata katikati. Mwalimu akanishika mkono, akaniambia, 'Bibi, bado.' Sasa nshajua."

Jicho la mwandishi linakwenda dirishani. Genoveva amesimama palepale aliposimama siku ya majaribio, na midomo yake inacheza bila sauti. Naye ameitikia.

Inamuuma kuondoka, wala hajifanyi haimuumi. Nguo zake zimekwisha kufungwa, mumewe ameahidi kumfuata Kunduchi kila Jumamosi, na Hija tangu juzi hataki kutazamana naye. Lakini ana tumaini moja, na akilitaja uso wote unabadilika.

Watu wa redio wanatafuta walimu wenye sauti ya kueleweka, na Bwana Adelard amelipeleka jina lake. Mwezi ujao atakwenda mjini kujaribiwa. Akipita, sauti yake itasikika Kunduchi na Temeke asubuhi ileile, saa ileile.

"Nimekwisha kuwauliza jambo," anasema. "Nikishawajulia hali watoto, naweza kunyamaza kidogo? Wakasema hapana, redio ikinyamaza watu hudhani imeharibika."

Anapangusa mikono yake kwenye gauni, na chaki inabaki pale.

"Wacha wadhani. Nitasema, 'Hamjambo, watoto?' Halafu nitanyamaza. Sitawasikia, lakini najua wanavyovuta, na najua wanapoishia. Wakimaliza wote nitamngoja Hija. Ndipo nitasema marahaba."