Mikono Miwili Kwenye Gunia

Miaka nenda rudi redio iliwaita Wamarekani mabeberu. Njaa ilipotubana, wakageuka marafiki. Unga wao wa njano ulishushwa kwenye duka la ushirika hapa Same, na kila gunia lilikuwa na picha ya mikono miwili imeshikana. Foleni tuliipanga kwa mawe: unaweka lako alfajiri, unaenda zako kuchota maji. Siku hiyo mwanamke wa Kisiwani alilipiga teke jiwe la mama. Mama akaliokota, akampasua nalo kichwa. Mawe yote ya foleni yakaruka. Mimi nilimng'ata mtu sikio, sijui la nani. Yule mwanamke alifungwa jeraha kwa gunia tupu, damu ikalowesha ile mikono.

Jioni redio ikatangaza kwamba uhusiano wetu na Marekani umeimarika. Mama akaipiga kofi, ikanyamaza.