Salamu za Mwisho Ambazo Sikuziandika

Mpaka leo nakumbuka asubuhi ile niliyomwona mama yangu kwenye simu, ameketi chini ya hema, analia, nami sijui anamlilia nani. Nilikuwa Polandi, mwaka wa pili chuoni. Video ilikuwa ya jirani yetu wa kijijini kwetu, Mitunguu, ameiweka kwenye status yake ya WhatsApp. Kamera ikapita kwenye kwaya, ikapita kwenye migomba, ikafika kwenye jeneza. Juu ya jeneza palikuwa na picha ya shosho, nyanya yangu.

Mwanangu Kendi, nakuita mwanangu ingawa nimekupita miaka michache tu. Kwetu aliyetangulia kupanda ndege amekwisha kuzeeka, na juzi ukoo mzima ulinituma nikupe nasaha kabla hujasafiri. Basi nakupa. Ila usitarajie maneno laini, maana nina hasira, na sijaiombea msamaha.

Kwenye video ile binamu yetu Mwenda alisimama na karatasi. "Hizi ni salamu za Makena kutoka ng'ambo," akasema. Akasoma: shosho, lala salama, natamani ningekuja ila mitihani imenizuia. Watu wakaitikia amina. Mama mmoja akajifuta machozi. Makena ni mimi, na sikuwa nimeandika hata neno moja. Shosho aliyenibeba mgongoni kwa leso akifungulia migomba maji, ameugua, amekufa, ameombolezwa, anazikwa, na mimi nimetungiwa mpaka huzuni yangu.

Nikampigia Anko Gitonga.

"Makena, tulia. Uko na mitihani wiki hii."

"Anko, nani aliandika zile salamu?"

"Mimi. Na zilikuwa nzuri! Hata mchungaji amezisifu."

"Mlinificha!"

"Sasa ungekuja na nini, mabawa? Shosho mwenyewe alitaka usome. Ukimaliza utakuja uone kaburi, haliendi mahali."

Nikamkatia simu. Mimi, niliyefundishwa kutomjibu mkubwa, nilimkatia mkubwa simu.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo nilipojiumiza mwenyewe. Unajua kwetu mtu akifiwa huwa hatangazi mara mbili. Jioni watu wanaingia tu, huyu na sukari, yule na mkate, wanajaza sebule, wanaimba, wanaomba, wanakaa mpaka unatamani waende. Nilimwambia Hania, msichana tuliyeishi naye nyumba moja, kwamba nyanya yangu amefariki. Akanishika bega, akasema pole, akatoka na kunifungia mlango polepole. Nami nikatandika kitanda, nikapanga viti, nikachemsha maji ya chai, nikaketi kuwangoja watu.

Hakuja mtu. Niliwasikia Hania na mwenzake Ola wakitembea kwa kunyata na kunong'ona kama watu walio karibu na mtoto aliyelala. Walizima hata redio. Kila hatua ikikaribia mlango wangu najifuta uso, hatua inapita. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Nikatoa sanduku, nikaanza kupakia nguo. Mtihani wa kwanza ulikuwa umekaribia, na nikiukosa ufadhili wangu umekwisha, nalijua hilo, lakini niliona heri uishe. Watu wa huku hawana roho, na watu wa kwetu wameninyang'anya msiba wangu. Ningesomea nani?

Nilipoenda jikoni kuchukua sufuria yangu niliwakuta wakikaanga mayai, na hapo nikalipuka.

"Nyanya yangu amekufa na nyinyi mnakaanga mayai!"

Hania akaweka mwiko chini. "Makena, tulikuwa tunakuachia nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kulia. Baba yangu alipofariki, nilitaka kila mtu aniache."

"Mimi nimewapangia viti!"

Hawakuelewa. Hania akanifuata chumbani, akaviona viti, akaliona na sanduku. Akakaa. "Ola, njoo," akaita. Kisha akaniuliza, kwa woga kabisa, "Sasa tunafanya nini?"

"Mnakaa."

"Basi?"

"Basi. Na mnakunywa chai."

Walikaa. Hawakujua wimbo wetu hata mmoja, na chai ya maziwa iliwashinda, Ola alikuwa akiimeza kama dawa. Lakini waliniuliza shosho alikuwa mtu wa namna gani, nami nikawaeleza mpaka sauti ikakauka. Walipoondoka nikazirudisha nguo kabatini. Mtihani niliufanya macho yakiwa yamevimba, na nikapita.

Baadaye mama alinipigia. Hakujitetea. "Nilikataa ufichwe, wakanishinda," alisema. "Lakini na wewe, Makena, nikikupigia unasema uko sawa kabla sijamaliza kuuliza. Mtu aliye sawa kila siku unamwambiaje habari mbaya?" Hapo alisema kweli. Bado sikubali kwamba hilo liliwapa ruhusa.

Ndiyo maana juzi kwenye maombi ya kukuaga hapa Kaaga nilitoka nje ghafla. Anko Gitonga alisimama, akakuambia, "Kendi, wewe soma tu, mambo ya huku tuachie sisi." Nawe ukatabasamu, "Sawa, anko." Ningebaki pale ningetupa kikombe.

Si sawa. Kabla hujaondoka, rudi kwake, mbele ya watu, umwambie: mtu akiugua niambiwe, akifa niambiwe siku hiyo hiyo, na asiwepo wa kusema kwa jina langu jambo nisilolisema. Akikuita msichana asiye na adabu, itika. Mama yako akikuuliza hali, mpe na mabaya. Na ukifika huko usijifungie ukawahukumu watu kwa mila ambayo hujawahi kuwaambia. Fungua mlango wewe, useme, "Nimefiwa, njooni mkae nami." Kuomba hivyo kutakuchoma koo, nakwambia kweli. Omba tu.

Mungu akutangulie, Kendi. Akupe marafiki watakaokunywa chai wasiyoipenda kwa ajili yako. Habari mbaya ikija, ikufikie mapema, ikukute na watu. Nenda salama, mwanangu, na hasira hii yangu uende nayo, utaihitaji.