Plasta za Mgongoni

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya ngozi, nilipohamishwa kutoka zahanati ya Changamwe, Daktari wa Ngozi hakunikaribisha hata kiti. Aliniambia nigeuke. Akanibandika mgongoni plasta zenye visahani vidogo vya alumini, vitupu, akaniamuru nikae nazo siku mbili bila kuoga.

"Ujue unachowaomba watu, Sista," akasema.

Joto la Mombasa mnalijua. Nilirudi Kisauni nikijisugua kwenye mwimo wa mlango kama mbuzi, na mamangu akanihamishia mkeka wangu ukumbini kwa sababu ya harufu.

Nyinyi mnaoisomea kazi hii leo mtaniwia radhi nikieleza mnayoyajua. Kila kisahani hutiwa tone la kitu kinachoshukiwa. Ngozi ikikikataa, mahali pale huvimba na kuwa pekundu. Plasta hutolewa baada ya siku mbili, mgongo ukasomwa, kisha ukasomwa tena baadaye, kwa kuwa mzio wa aina hii ni mvivu. Maji yakiingia, kipimo kimeharibika. Dawa za kupimia akrileti, kemikali ya jeli ya kucha, ndizo zilizokuwa na makuu kuliko zote. Huruka hewani upesi, basi tuliziweka kwenye friji na kuzitia visahanini mgonjwa akiwa ameshavua nguo. Stima ikipotea, Daktari alisimama mbele ya friji na ole wake atakayegusa mlango.

Changamwe nilizoea mikono ya wanaume wa viwandani, iliyoliwa na saruji na mafuta. Kliniki ikaniletea wasichana wa kucha. Akrileti ndiyo inayoigandisha jeli ya kucha chini ya taa. Ikishaganda haina neno sana, lakini mbichi ikigusa ngozi kila siku, huenda siku moja mwili ukaikataa, na ukishakataa haubadili nia. Glavu zile nyembamba huzipenya bila taabu.

Saumu alikuwa mmoja wao, bi harusi mpya kutoka Mjambere, fundi ambaye maharusi wa Kisauni walimgombania. Ncha za vidole vyake zilipasukapasuka. Alitaka kujua jambo moja tu: aendelee na kazi ile au aiache, maana alikuwa karibu kufungua saluni yake mwenyewe. Tulimbandika. Aliporudi, plasta zilikuwa zimelegea pembeni. Daktari alilaumu jasho, kama tulivyolilaumu kila siku.

"Uliziloanisha?" akamuuliza.

"La, Daktari," akajibu Saumu, macho chini.

Mgongo ulikuwa safi, na uliposomwa mara ya pili ulikuwa safi vilevile. "Kucha hazina makosa," Daktari akamwambia. "Badilisha sabuni." Saumu alitubusu mikono mimi na hata mkunga wa wodi ya jirani aliyekuwa akipita, akaenda kufungua saluni.

Alirudi harusi nyingi baadaye. Kope zilikuwa zimemvimba, na vidole vimeingia ganzi, hata sindano nikimgusa nayo haisikii. Daktari alipotoka kuchukua taa, Saumu alinishika kanzu.

"Bi Rukia, mimi nilikoga."

"Lini, mwanangu?"

"Siku ile ile mloniweka plasta. Josho la janaba lilin'pasa, mume yumo nyumbani. N'tasali vipi? Zikabanduka, nikazibandika tena. Na yule ni mwanamume, wallahi n'liona haya kumwambia."

Nilikaa kitako. Mimi ni mtoto wa Kisauni, mambo hayo nayajua, lakini maswali yalikuwa ya Daktari na plasta ndizo zangu. Hivyo ndivyo kazi ilivyogawanywa. Imamu wa mtaani kwao alipoulizwa, alisema sharia inamruhusu mgonjwa kupitisha mkono wenye maji juu ya bandeji, akasali na sala yake ikatimia. Jawabu lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Nilimweleza Daktari, tukampima upya. Penye akrileti palitoka malengelenge. Daktari aliyaandika kwenye faili, kisha akanigeukia.

"Kuanzia leo, Sista," akasema, "maswali hayo ni yako."

Basi tangu hapo nilifunga mlango na kumuuliza kila mwanamke kabla ya kumbandika: hedhi yako lini, mume yupo au yuko safari, kuna harusi au msiba unaokungoja? Tukapanga siku pamoja naye. Ulikuwa utaratibu mzuri na ulidumu mpaka nikastaafu. Lakini mkinipongeza kwa ajili yake mnaniumiza tu, kwa sababu ulikuja umechelewa. Saumu alifunga saluni. Kope zilipona, ganzi haikutoka. Na mara nyingi hata tuliowapata mapema walitikisa kichwa, wakarudi kwenye jeli ile ile, maana tuliwapa jina la kinachowadhuru na hatukuwa na kazi nyingine ya kuwapa. Sioni faraja kubwa ninapoyakumbuka.

Sasa Saumu ana mtoto. Juzi alinijia asubuhi, kitoto kimelala begani, naye amebana shavu lake kwenye paji la uso wa mtoto, akilihamisha hapa na pale.

"Shikamoo, Bi Rukia. Nishikie paji wewe, vidole vyangu havisikii. Ana homa?"

Niliweka kiganja. Mtoto alikuwa anawaka.