Fundo la Mikono Miwili

Baba yangu alisuka madema miaka yote niliyomfahamu, na kiharusi kilipompiga kikamchukulia mkono wa kulia. Kingechukua mguu, nadhani angekisamehe. Nilimtoa nyumbani kwake Kaole nikamleta kwangu Bagamoyo mjini, nikampa chumba cha mbele kinachopata hewa. Alikaa humo akitazama ukuta. Chakula alikula vijiko viwili, akasema ameshiba, alhamdulillahi, na sahani ikarudi jikoni.

Mimi ni fundi wa vioo na aluminiamu. Ugonjwa ukiingia nyumbani kila mtu hutibu kwa alichonacho, nami nilikuwa na vioo. Niliunganisha vipande vilivyobaki karakana kwa silikoni, nikapata tangi refu kama benchi la shule, nikaliweka mbele ya kitanda chake. Maji ya bahari niliyaleta kwa madumu juu ya bodaboda. Nikapanga mawe, nikafunga pampu ya hewa, na wavuvi wakanipa samaki wadogo wazima: vitatange wawili, kangaja mmoja, na kikande mmoja asiyezidi kiganja. Mke wangu alisema nimeileta bahari ndani ili yeye asikose kazi ya kupiga deki. Lakini Baba aligeuza shingo akatazama, na siku hiyo alikula vijiko vitano.

Kikande si samaki wa kukaa na wenzake. Ana kinywa kidogo na meno ya panya. Wiki ya pili alimtafuna kitatange mmoja mapezi mpaka akafa, kisha akamgeukia wa pili. Nilimvizia na kimia, wavu mdogo wa mkono. Kila nikimkaribia alijipenyeza katikati ya mawe, akasimamisha mwiba wake wa mgongoni, akajikaza humo kama kabari. Nilihangaika mpaka maji yakatapakaa chumba kizima, huku nikimtukana samaki kana kwamba namdai radhi. Ndipo nikasikia kicheko nyuma yangu. Baba hakuwa amecheka tangu hospitali.

"Hashikwi na kimia huyo," alisema kwa ile sauti yake mpya ya kuburuta. "Niletee mianzi."

Kwa asiyelijua, dema ni mtego wa kusuka. Mdomo wake ni mpana kwa nje na unasinyaa kwa ndani, kiasi kwamba samaki akishaingia haioni njia ya kurudi. Nyuma lina mlango mdogo unaofungwa kwa kamba, na samaki hutolewa hapo. Baba alikuwa na sharti moja: mlango wa dema hufungwa na kufunguliwa na aliyelisuka. Mama mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kuugusa.

Alisuka siku tisa dema la kuenea ndani ya ndoo. Mwanzi aliubana kwa goti, akaupinda kwa mkono wa kushoto, akakaza kwa meno. Nikinyoosha mkono kumsaidia, alinitazama mpaka nikaurudisha. Vidole vilichubuka, fizi zikatoka damu, na sahani ikaanza kurudi jikoni tupu. Nilifurahi kama mwendawazimu. Kila asubuhi nilikuwa nalipima dema limefika wapi, na moyoni nilikuwa nampima Baba.

Lilipokwisha lilikuwa limeenda upande, matundu haya makubwa, yale madogo. Zamani angelifumua kwa aibu. Alilizungusha mapajani kwa muda mrefu, akafunga mlango wa nyuma kwa mkono mmoja na meno.

"Likinasa, nitasuka jingine," alisema. "Lisiponasa, basi tena."

Sikuipenda hiyo "basi tena". Mgonjwa akiisema, haisemi juu ya dema peke yake.

Tulilizamisha likiwa na chambo ndani, kipande cha kamba wa baharini. Akaniambia nilipe siku tatu, kwa sababu dema jipya lina harufu ya mikono ya mtu na samaki halikaribii mpaka maji yalioshe. Tena nisilichunguliechungulie.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaingia?"

"Bado."

Siku ya kwanza alitikisa kichwa tu. Siku ya pili aliuliza mara mbili, na mchana akarudisha nusu sahani. Nusu sahani ile ilinitia hofu ambayo hata leo siwezi kuieleza vizuri. Subira sina, mke wangu husema nilizaliwa nikiwa tayari nimechelewa. Baba alipolala baada ya adhuhuri, nilitoa mawe yote tangini, moja moja, nikayatia kwenye ndoo, mpaka kikande akakosa pa kujificha. Nikamkamata, nikafungua mlango wa nyuma wa dema, nikamtia humo, nikafunga, nikayarudisha mawe. Mke wangu alisimama mlangoni.

"Mwachie mzee dema lake," alisema.

"Nyamaza, utamwamsha."

Baba alipoamka nilimpigia kelele kama mtoto: kaingia! Nusu ya uso wake iliyokuwa bado inamtii ilicheka. Akataka apakatishwe dema vilevile linavyochuruzika maji, kwa sababu ni lake kulifungua. Nililiweka mapajani. Mkono wa kushoto ukapapasa nyuma, ukafika kwenye kamba, ukasimama.

Sikuwa nimefikiria kamba. Miaka yangu yote ya ufundi imenifunza kufunga kitu kikafungika, nami nilifunga vizuri, nikakaza pande zote mbili.

"Fundo hili la mtu mwenye mikono miwili," alisema Baba.

Hakukasirika. Angekasirika, ningepumua. Nilimweleza yote, mawe, ndoo, na hofu yangu, naye akasikiliza huku kikande akipigapiga mkia mapajani pake.

"Mrudishe majini, atakufa," alisema. "Nilikwambia siku tatu."

Nilimrudisha. Nikamwomba Baba afunge tena mlango kwa mkono wake, nilizamishe dema upya.

"Funga wewe. Unajua."

Nikafunga mimi, nikalizamisha. Usiku ule hakula.

Asubuhi yake, siku ya tatu, nilikwenda kuzima taa ya tangi. Kikande alikuwa ndani ya dema. Aliingia kwa mdomo, kwa miguu yake kama angekuwa nayo, akala chambo chote, akawa anazunguka akitafuta njia ambayo Baba hakumwachia. Nilimwita mke wangu aje aone kwanza, nisije nikawa naota. Akaona, akaanza kulia.

"Baba! Kaingia mwenyewe! Wallahi, Baba, sikumgusa!"

"Wallahi, Baba, hakumgusa," alisema mke wangu.

Nililiweka dema kitandani, godoro likalowa. Alitazama samaki, akatazama kamba. Fundo lilikuwa langu, la mikono miwili, na sikuwa na kitu kingine cha kumwonyesha. Akanyoosha mkono wa kushoto. Nilidhani anataka kufungua, nikalisogeza dema karibu, lakini mkono ulipita juu yake ukanishika mgongoni, ukapapasa polepole.

"Umeyatoa tena mawe yote yale?" aliniuliza. "Utaumia mgongo, mwanangu."

Niliapa tena, na kila nilivyoapa alizidi kunihurumia. Hakusuka jingine. Tulimzika Kaole mwezi uliofuata, na watu wakaniambia nilimtunza vizuri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado unafanya kazi. Mtu pekee aliyetakiwa kulijua hilo amekufa akidhani namdanganya.