Grégoire Hakumpiga Sajenti Rwakabuba

Grégoire hakumpiga Sajenti Rwakabuba. Hakumwinulia fimbo, hakumtukana, wala hakumuuza binti yetu kwa ng'ombe aliyefanana naye rangi. Naandika haya mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu, kwa sababu soko zima la Base Camp, hapa kambini Nakivale, linasimulia habari hiyo huku likipima nyanya, na kila anayeisimulia huirefusha ile fimbo kidogo.

Mume wangu alizaliwa Uvira, Kongo, mwaka 1953. Mama yake alikuwa Mfuliiru aliyeuza samaki wa ziwani. Baba yake alikuwa Mgriki mwenye duka la vitambaa, ambaye mwaka 1960 alifunga duka, akapanda meli, asimwachie mtoto hata jina. Hilo si siri, wala si aibu yetu. Kama kulikuwa na aibu, ilipanda meli pamoja na mwenyewe. Mtaani watu wenye adabu walimwita Grégoire mulatre, yaani chotara. Wasio na adabu walimwita chai ya maziwa, na watoto wenzake walimwuliza kila siku kama barua ya baba yake imefika.

Nilimfahamu nikiwa mwalimu wa sekondari, alipoleta madawati ya darasa langu. Alikuwa seremala. Alivaa kofia hata ndani ya nyumba, nami nikadhani ana kipara. Nilipoolewa ndipo nilipoziona nywele zake, laini, zimelala kichwani kama nyasi baada ya mvua, nikaelewa. Tangu mwezi huo nilimnyoa kila Jumamosi kwa wembe. Alikaa kati ya magoti yangu, macho ameyafumba, na nilipomaliza alipitisha kiganja kichwani, akasema, "Merci, Mama." Miaka yote hiyo hakuna kinyozi aliyemgusa.

Mimi mwenyewe nilimkosea mara moja, na heri niandike mimi kuliko kuandikiwa. Chantal alipozaliwa, mwaka 1986, nilimtazama nikasema, "Amechukua rangi yako, maskini." Grégoire alimpokea mtoto, akamfunika vizuri, akamrudisha mikononi mwangu, kisha akatoka nje akaanza kupiga randa ubao uliokwisha kulainika. Siku mbili hakula chakula changu. Baada ya hapo, nyumbani kwetu hakuna aliyetaja rangi ya mtu, hata kwa kumsifu. Mgeni akisema mtoto ni mweupe, ni mzuri, Grégoire alimwomba kwa upole azungumze habari nyingine. "Leo anasifu," aliniambia, "kesho akikasirika, atatumia neno lilelile."

Vita vilitutoa Uvira mwaka 1996, na mwaka uliofuata tukafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kwenye foleni ya kuandikishwa, askari mmoja alimtazama akacheka.

"Wewe muzungu, unatafuta nini? Ubalozi yenu iko Kampala. Hapa ni ya wakimbizi."

Foleni nzima ilicheka. Grégoire aligusa ukingo wa kofia yake, akasema, "Afande, mimi mukimbizi. Ubalozi ya mama yangu iliungua na moto kule Uvira. Sasa niko mu foleni yako."

Askari akaacha kucheka, akamsogeza mbele. Tulipewa kiwanja, Grégoire akajenga, na ndani ya miaka michache milango mingi ya Base Camp ilikuwa imetoka mikononi mwake. Watoto waliendelea kumpigia kelele za "Muzungu, lete peremende." Naye aliwapa vipande vya mbao wachezee.

Chantal alijifunza kushona, akapata chumba cha cherehani Nyamityobora, kule Mbarara. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vipuri vya pikipiki la kijana anayeitwa Herbert. Herbert alikulia kambi ya jeshi ya Mbarara. Baba yake, Sajenti Rwakabuba, alikuwa amestaafu, anafuga ng'ombe Isingiro. Mwaka 2009 Herbert alikuja kwetu na wajumbe wake, akaposa kwa heshima. Grégoire aliomba siku za kufikiri.

Chantal akamwambia, "Papa, ukikataa nitakutii. Lakini sitaolewa na mwingine."

Basi yote yalikuwa juu yake, naye akasema atatoa jibu siku ya kuchagua ng'ombe. Kwa desturi ya Wanyankore, upande wa binti huenda nyumbani kwa mwenye kuoa na kuchagua wenyewe ng'ombe wa mahari zizini. Tulikwenda watatu: Grégoire, mimi, na binamu yake Appolinaire, aliyejitolea kuwa msemaji wetu. Wanawake hawaendi huko, lakini Grégoire aliwaambia kwamba mahali nisipofika mimi yeye hana neno la kusema. Wakanipa kiti karibu na ua.

Tulipokewa vizuri. Tulikunywa maziwa. Sajenti Rwakabuba alikuwa amevaa koti na viatu vilivyong'arishwa kijeshi, na alitembea katikati ya ng'ombe wake akiwagusa mgongoni mmoja mmoja. Alifika kwa jike mmoja mwenye pembe kubwa, wa rangi ya kahawia isiyokolea, anayemetameta juani. Akaelekeza fimbo yake ya kuchungia.

"Muzee, angalia ile. Ile sisi naita gaju. Siku Herbert alileta binti yako hapa, mimi niliambia bibi yangu, huyu ni gaju kabisa. Rangi moja, hakuna tofauti."

Wazee wa upande wake waliitikia kwa furaha. Herbert alitabasamu. Ilikuwa sifa, na labda ingepita, kama Appolinaire asingecheka.

"Kaka," alisema, machozi ya kicheko yanamtoka, "bazungu balikukataa, beusi balikucheka, leo umepata ndugu mu zizi."

Nilimwona Grégoire akiishusha kofia yake hadi kwenye nyusi. Hakupaza sauti. "Twende, Mama Chantal," alisema. "Sikukuya huku bamupime mutoto wangu na ngombe." Akatoka langoni, akashuka hadi barabarani, akakaa juu ya jiwe.

Nilimfuata. Nilikaa kando yake, na rangi ya mtu wala ya ng'ombe sikuitaja. Nilikuwa nimejifunza.

"Niko na miaka makumi tano na sita," alisema mwishowe. "Nilifikiri itaishia kwangu."

"Chantal anangoja jibu, Baba Chantal."

"Najua. Ndiyo maana sijaenda mbali." Akaitazama mikono yake. "Nitamupeleka namna gani fasi ambapo kila asubuhi batamuangalia na kuona ngombe? Na nikikataa, nitamuangalia namna gani mimi?"

Ningependa kuandika kwamba nilimpa neno zuri la kumtuliza, lakini sikumpa. Nilimshika mkono tu.

Ndipo Rwakabuba alipokuja, peke yake, amewakataza wengine wasimfuate. Aliiweka fimbo chini, akaketi kwenye nyasi, na koti lake lilelile, chini kabisa ya lile jiwe.

"Muzee, mimi nimekosa. Kosa yenyewe sijui. Niambie polepole."

Grégoire alimwambia. Barua ya baba, chai ya maziwa, foleni, kofia. Sikuwahi kumsikia akiyasema yote pamoja, hata kwangu. Rwakabuba alisikiliza, kichwa ameinamisha. Kisha akasema, "Kwetu msichana akisifiwa kama gaju, mama yake analia na furaha. Mama yangu mimi walikuwa wanaita yeye hivyo mpaka kufa. Ile ng'ombe sijauza, sijachinja, hata njaa ikiwa hapa. Lakini sikuuliza wewe umetoka wapi. Hiyo ndiyo kosa yangu."

Grégoire akasimama. Akainama, akaiokota fimbo, akampa mwenyewe kwa mikono miwili, kisha akamsaidia kuinuka. Hiyo ndiyo fimbo. Appolinaire alikuwa langoni, mbali, akaona mtu mmoja amekaa chini na mwingine amesimama juu yake na fimbo, na akaenda kutangaza Nakivale nzima alichotaka kuwa amekiona.

Wazee wale wawili walirudi zizini peke yao. Mimi nilibaki langoni. Niliwaona wamesimama upande huu na upande ule wa yule gaju, wanazungumza. Jua lilikuwa linaelekea magharibi. Wakati fulani Grégoire alivua kofia, akaiweka juu ya nguzo ya ua, na Rwakabuba akakiangalia kichwa chake kilichonyolewa, akasema kitu, na wote wawili wakacheka. Mume wangu hakuwa mtu wa kuvua kofia mbele ya watu.

Alichagua ng'ombe wake, lakini gaju hakumchukua. Watu wakasema bado ana kinyongo. Ukweli ni kwamba aliomba gaju abaki pale pale, akamuliwe kwa ajili ya Chantal atakapofika, ili maziwa ya kwanza bibi arusi atakayokunywa katika nyumba ile yatoke kwake. Rwakabuba alikubali mbele ya wazee wote. Chantal aliolewa Desemba mwaka huohuo, na baba yake ndiye aliyemshika mkono kumtoa nyumbani, kichwa wazi.

Mambo waliyozungumza wazee wale zizini nayajua. Grégoire aliniambia mwaka jana, wiki ya mwisho ya maisha yake, nilipokuwa nikimnyoa. Appolinaire ameniuliza. Mukandayisenga, jirani yetu mwenye duka, ameniuliza, mkewe Rwakabuba ameniuliza, na Chantal, ambaye ana haki kuliko wote, ameniuliza mara mbili. Sikuwaambia, na hapa siandiki. Asiniulize mtu tena.